Kigari cha Massoudi Mlangoni

Massoudi akirudi nyumbani alikuwa hagongi mlango. Alipiga klaksoni mara mbili, fupi fupi, halafu akangoja. Saa hizo mi niko jikoni. Nafuta mikono, naburuta kandambili zangu mpaka kwenye lango la bati, natoa komeo. Hatukuwa tunasalimiana pale. Alisema tu, "Fungua vizuri, nipite," kwa sababu kigari chake kilikuwa kipana, na mi kila siku nilisahau nikafungua ubavu mmoja.

Alipokufa, klaksoni iliendelea.

Nieleze kwanza kigari chenyewe. Ni kile cha umeme cha watu ambao miguu imekataa: tairi nne, kiti, gido ya kuongozea kama ya pikipiki, na batri chini ya kiti. Massoudi alikuwa fundi wa magari hapa mtaani Buyenzi tangu ujana wake, mpaka sukari ikamla mguu, wakaukata juu ya goti. Kigari alikipata kwa Wazungu wa mtaa wa Kiriri waliokuwa wanafunga nyumba warudi kwao Ulaya. Mama yao mzee ndiye aliyekuwa anakitumia, naye alikuwa ameshakufa. Na chenyewe kilikuja kimekufa. Massoudi alikaa nacho hapa uani, akakifungua chote, visi zake, zile skrubu, zikajaa kwenye sahani zangu za wali mpaka tukawa tunakulia kwenye sufuria. Alipomaliza kukifunga hakikuwa tena kitu cha Wazungu. Kilikuwa na tairi za toroli na kiti cha teksi. Nyuma alikuwa amechomelea kakiti kadogo kanakotazama kinyume, kangu mimi, kwa sababu ya magoti yangu. Na klaksoni ilikuwa ya pikipiki, ameiunga moja kwa moja kwenye batri, haingoji ufunguo.

"Ufunguo ni wa kutembea," aliniambia. "Kuita bibi yangu sihitaji ufunguo."

Mafuta yalipokosekana mjini na magari yakawa yanalala kwenye foleni ya kituo, sisi tulipita pembeni, yeye mbele, mi nyuma nimewapa mgongo watu wa mbele, tunaenda sokoni. Aliwapigia klaksoni yake. Walimtukana kwa mapenzi. "Muzee, shuka uje ununue petroli kama watu." Naye hakujibu, aliwapigia nyingine.

Alikufa asubuhi, ameshakunywa chai, kichwa ameegemeza ukutani. Kabla ya Alasiri wanaume walikuwa wamemchukua. Nilimwona akitoka langoni amefunikwa, na lango siku hiyo lilifunguliwa lote. Mahali walipomlaza sikupaona. Kwetu wanawake hatufuati jeneza, na mi nilikuwa nimeshaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane anavaa nyeupe na hatoki, na mwanaume asiye wake hamtazami uso kwa uso. Akija mwenye neno, anakaa koridoni nyuma ya pazia, mnaongea hivyo hivyo.

Siku ya kuanua matanga wanawake wa ukoo walifua vitu vyote vya marehemu. Kanzu, shuka, mkeka wake wa kuswalia, hata kopo lake la kutawadhia walilisugua kwa mchanga. Walipofika kwenye kigari, mmoja akasema hiki nacho kilikuwa mwili wake, amekaa humo miaka, hakiwezi kubaki na jasho lake. Basi wakakifua. Wakakipaka sabuni kuanzia gidoni mpaka tairi, wakakimwagia ndoo baada ya ndoo, halafu wakakisukuma juani. Mi nilikuwa nimekaa mkekani, nikaona kazi nzuri imefanyika. Hakuna aliyewaza kitu.

Jioni moja baada ya hapo, adhana ya Magharibi imeshaisha, jua limeshazama nyuma ya milima ya Kongo, nilikuwa jikoni nachambua mboga za lengalenga. Nikasikia mara mbili, fupi fupi.

Mikono ilijifuta yenyewe. Sikukumbuka kwamba nimefiwa. Niliburuta kandambili, nikafika langoni, nikatoa komeo, na safari hiyo nikafungua pande zote mbili. Barabarani hapakuwa na mtu ila Consolée, jirani yangu wa ng'ambo, amechuchumaa anapepea makaa. Alinitazama, mjane na nguo zangu nyeupe, niko mlangoni.

"Mama Sijaona," akaniita polepole, "unamufungulia nani?"

Nilipogeuka, kigari kilikuwa nyuma yangu. Mchana nilikiacha kule ukutani chini ya bati. Sasa kilikuwa katikati ya uwanja, gido imeelekea lango, kama kinachosubiri nisogee.

Ikawa hivyo. Si kila jioni, lakini jioni nyingi, saa ile ile, mara mbili. Na asubuhi, popote tulipokuwa tumekiegesha, tulikikuta pua imegusa lango. Mjukuu wangu Assia, ambaye ni mtu mzima na anauza vitambaa sokoni, alihama chumba chake cha uani akaja kulala kwenye mkeka wangu. Alipopita karibu na kigari alipita upande upande, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa wengine.

Mi sikuogopa. Nasema ukweli wangu: nilianza kupika mapema ili saa ile inikute mikono mitupu. Nilianza kubakiza chakula kidogo kwenye sufuria. Na nilikuwa nakichaji. Massoudi alinifundisha kwamba batri ikiachwa tupu inakufa, na ikifa hairudi. Umeme wetu unakuja unapotaka, basi taa ikiwaka tu, hata nikiwa nimelala, nilitoka na tochi yangu nikachomeka waya, nikakaa kwenye ngazi mpaka nione kile kitaa chekundu kimekuwa kijani.

Assia alinikuta hapo alfajiri moja. Akasimama mlangoni amejifunika shuka.

"Nyanya," alisema, "unamulisha."

"Nachaji batri."

"Ndiyo nasema."

Maneno yalifika kwa Twahiru, mdogo wake Massoudi. Alikuja baada ya Alasiri, akakaa koridoni nyuma ya pazia, nikasikia tasbihi yake inapita vidoleni kabla hajasema kitu.

"Shemeji, watu wanaongea."

"Watu gani?"

"Watu. Hata musikitini. Sikiliza, kaka yangu alikufa Muislamu, tulimuosha, tulimuswalia, tulimulaza vizuri. Hawezi kuwa anazunguka hapa na klaksoni. Hiyo ni kitu ingine imeingia mule ndani. Pengine ni yule mwanamuke muzungu wa Kiriri. Kigari ilikuwa yake mbele."

"Muzungu wa Kiriri atajuaje kupiga mbili mbele ya mlango wangu? Na anatafuta nini kwangu, ugali?"

Ndani Assia alicheka, halafu akajizuia.

"Mi sicheki, shemeji. Arobaini ikisomwa, vijana watakuja wakitoe. Tukipata mutu asiyetembea, atapewa sadaka, bila kumwambia mambo mengi. Tukikosa, kinaenda kwa wauza vyuma."

"Na mi nitatoka na nini?"

Tasbihi ikaanza kupita tena vidoleni.

"Twahiru, magoti yangu unayajua. Mwisho wa avenyu hii sifiki. Eda ikiisha nataka kwenda kwa kaka yako. Ninyi mulienda naye, munajua amelala wapi, ameelekea wapi, amelala na nani pembeni. Mi nimemwona anatoka hapa tu. Mukichukua kigari, mutakuja kunibeba mugongoni?"

Tasbihi ilisimama. Nilisikia anavuta pumzi. Twahiru si mtu mbaya, ni mtu wa kuogopa tu, tangu mtoto.

"Basi kinyamaze," alisema mwishowe. "Siku moja kabla ya kisomo nitakuja nikae hapa hapa mpaka Magharibi ipite. Kikilia, kinatoka. Kisipolia, mi sina neno, utakaa nacho mpaka uchoke."

Alipoondoka nilibaki nimekaa. Alikuwa ameongea kwa haki, na haki yake ilinikaba. Ili kigari kibaki lazima kinyamaze. Na kikinyamaza, nani atakuwa anarudi jioni?

Kesho yake nikamtuma Assia kwa Moubarak.

Moubarak alijifunza ufundi kwa Massoudi tangu ndevu hazijaota. Sasa zimekuwa nyeupe na ana garaji yake mwenyewe, hapo avenyu ya pili. Kwake mi ni mama, lakini kwa eda yeye ni mwanaume kama wengine. Akakaa koridoni kwenye kibao, upande wake wa pazia, na mi uani upande wangu, na kigari, na sanduku la vyombo vya Massoudi. Nilimwambia Assia aje awe mikono yangu. Alisema atanichemshia maji, ataniletea sahani, lakini kile kitu hakigusi. Basi mikono ikawa yangu.

"Mama, tuanze na ile ya kutembea," Moubarak alisema. "Inama nyuma, chini ya kiti, upande wa motere inayozungusha tairi. Kuna kamkono ka chuma, muzee alikapaka rangi nyekundu. Kameinuka ama kamelala?"

Niliinama kwa shida yangu. "Kameinuka."

"Mm. Siku ile mulikiosha, nani alikisukuma kwenye jua?"

"Wanawake wote."

"Basi walikainua ili kisukumike, na hawakukarudisha. Kikiwa vile hakina freni ya kukishika hata kidogo, motere imeachana na tairi. Na ule uwanja wenu, simenti muzee aliimwaga mwenyewe, mi nilikuwa nachota muchanga. Aliuteremsha kidogo kwenda langoni ili maji ya mvua yatoke. Kinateleza, mama. Polepole tu, hata jicho halioni. Kalaze mpaka usikie tak."

Nikakalaza. Tak.

"Sukuma sasa."

Nilisukuma kwa mikono, nikasukuma kwa kiuno. Kilikuwa kimekaa kama punda aliyekataa. Nilipaswa kufurahi. Lakini lile tak lilinipita mwilini kana kwamba nimemfungia mtu nje na bado nasikia anapumua.

"Kimesimama?"

"Kimesimama."

"Sasa klaksoni. Lakini kwanza tutoe moto. Inua kiti, utaona batri. Waya nyeusi ndiyo ya kwanza kutoka."

"Kwa nini si nyekundu?"

"Ukianza na nyekundu na spana ikagusa chuma, utaona nyota mchana. Muzee alinipiga na hiyo hiyo spana siku nilianza na nyekundu."

"Nakumbuka. Ulikuja jikoni kwangu ukilia, nikakupa ndizi."

"Mama, huyu mutoto wako anasikia."

"Asikie tu," Assia alisema kutoka jikoni. "Ndizi ngapi?"

Tulicheka sote watatu, kila mtu mahali pake. Nilitoa nyeusi. Nikatoa nyekundu. Vichwa vya batri vilikuwa vimeota unga kama ukoga, mweupe wenye kijani. Moubarak akasema nimwagie maji ya moto kidogo kidogo na nisugue kwa mswaki wa zamani, na mswaki uliokuwa kwenye sanduku ulikuwa wa Massoudi. Nikasugua mpaka chuma kikarudi kung'aa, nikapangusa, nikapaka vaselini kama alivyoniambia.

"Sasa gido. Kile kifuniko cha plastiki kina visi upande wa chini. Zitoe, uziweke kwenye sahani zisipotee."

"Sahani gani?"

"Si zile za wali? Yeye aliweka wapi?"

Nikamwita Assia alete sahani. Aliisukuma kutoka mlango wa jikoni kwa mguu. Visi zilikuwa ngumu, nikatumia mikono yote miwili kwenye turunevisi ya kuzifungulia. Ya mwisho ilipotoka, kifuniko kilifunguka kama ganda la karanga, na harufu ikanijia usoni: grisi, sabuni, na chini kabisa yale marashi ya karafuu ambayo alijipaka Ijumaa. Nilifumba macho kidogo.

"Mama? Unaona nini?"

"Naona nguo."

"Nguo namna gani?"

Ilikuwa kitambaa. Kamba ndefu za kitambaa zimezungushwa kwenye waya zote, zimekazwa, zimepita mpaka chini ya kifungo cha klaksoni. Kitenge cha bluu chenye picha za feni za manjano. Nilikivaa siku ya ndoa ya mama yake Assia, nikakifua, nikakianika, na sikukiona tena. Miaka yote hiyo nilisema upepo umekipeleka kwa Consolée.

"Ni kitenge yangu," nilisema.

Nyuma ya pazia nikamsikia Moubarak anajizuia asicheke. "Alikuwa hapendi utepe wa skochi," alisema. "Skochi ikipigwa na jua inakuwa gundi, inaachia. Sisi wote alitufundisha kufunga waya kwa pamba. Lazima pamba kavu, nguo ya zamani iliyofuliwa sana. Sikujua anachukua za nani." Halafu sauti ikabadilika. "Mama, kiguse. Kina maji?"

Nilikigusa. Kilikuwa kibichi kama kimefuliwa jana.

"Kina maji."

"Ndiyo yenyewe. Pamba haiyeyuki, lakini inakunywa. Mulipokiosha na sabuni, maji yameingia kwenye kifungo na kitambaa kimeyaweka ndani, plastiki imefunika, yatatokea wapi? Mchana jua linapasha, kinakauka kwa juu. Jioni baridi ikirudi, ule unyevu unarudi kwenye shaba, waya zinaongea. Klaksoni haina ufunguo wa kuizuia. Inalia."

"Saa ile ile?"

"Jua linashuka saa ile ile, mama."

Assia alikuwa ametoka jikoni sasa, amesimama hatua chache nyuma yangu, anatazama kitenge.

"Na kwa nini mbili?" niliuliza.

Nilisikia kibao cha Moubarak kinalia.

"Mbili," alisema. "Pengine inashika, inapolia kile chuma kinatetemeka, inaachia, inashika tena. Halafu inachoka."

"Pengine."

"Pengine, mama."

Akaniambia nitoe kitambaa chote. Nikaanza kufungua, na kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani, kinazunguka na kuzunguka, na kila mzunguko umekazwa kwa namna yake, kidole gumba kimebonyeza hapa, hapa amevuta kwa meno. Kilikuwa kinanirudia mikononi chenye maji, mpaka magoti yangu yakalowa. Chini yake shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Nilisugua kwa mswaki, nikakausha kwa kona ya nguo yangu nyeupe, ikaingia doa ambalo halikutoka. Moubarak akapitisha duara la skochi nyeusi chini ya pazia, likabingirika mpaka mguuni kwangu.

"Zungusha, mama. Kaza. Kaza kama unafunga mutoto mugongoni."

Nikakaza.

Kilipobaki kifuniko tu, akasema, "Ngoja kidogo." Sauti yake ilikuwa chini, kama hataki Assia asikie, ijapokuwa Assia alikuwa hapo hapo. "Mi pia nilikuwa nasikia. Kutoka garaji. Saa ile inafika, naona nimeweka spana chini, nasubiri. Mama, ukitaka, toa hiyo skochi, rudisha kitambaa. Mi nitamwambia Twahiru kimeshindikana. Hakuna atakayejua."

Kitenge kilikuwa mapajani mwangu, kinadondosha. Nilifikiria ile saa, mikono mitupu, chakula kwenye sufuria. Halafu nikafikiria lango lilivyofunguliwa lote siku ile, na mi nimekaa, na njia waliyopita naye nisiyoijua.

Nikachukua visi ya kwanza kwenye sahani.

Moubarak alisikia turunevisi inazunguka. Tulipounganisha batri, nyekundu kwanza, nyeusi mwisho, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza. Ililia mara moja, ikanyamaza nilipotoa kidole. Ilikuwa inamsikiliza mtu sasa.

"Kitambaa kitupe," alisema akiondoka. "Kina kutu."

Sikukitupa. Nilikianika chumbani kwangu, kwenye msumari wa kanzu zake.

Twahiru alikuja siku aliyoahidi. Alikaa koridoni na tasbihi yake. Assia aliegemea mlango wa chumba. Mi nilikaa jikoni mahali pangu, sikuwa nachambua kitu. Waadhini walimaliza, mmoja baada ya mwingine, wa mbali akawa wa mwisho. Twahiru aliswali pale pale koridoni, nikasikia paji lake linagusa simenti. Akamaliza, akarudi kukaa. Mwanga ulitoka ukutani ukapanda kwenye bati, ukatoka kwenye bati. Ng'ambo, upepeo wa Consolée ulikuwa umesimama.

Mikono yangu ilijifuta. Hapakuwa na kitu.

Giza liliingia vizuri na Twahiru alikuwa bado amekaa. Nilidhani atasimama aseme alhamdulillahi aende. Hakusimama. Nilisikia tu anapumua.

"Hata moja?" aliuliza mwishowe.

"Hata moja."

"Basi," alisema. "Basi, shemeji." Na kwenda kwake kulikuwa kwa polepole, kama mtu aliyekuja kuonana na mwenye nyumba akaambiwa hayupo.

Kisomo kikapita. Kigari kilibaki ukutani mahali tulipokiacha, jioni na asubuhi. Watu waliacha kuongea. Assia alirudi chumbani kwake. Consolée nilimwambia habari za kitenge, akapiga paja. "Kumbe muda wote ulikuwa unanitazama kiunoni?" Naye ndiye aliyenicheka mwezi mzima. Lakini saa ile ilipofika, mi na yeye tulinyamaza, kila mtu upande wake wa barabara. Nyumba yenye sauti ya marehemu inazoeleka. Hii isiyo na sauti sikuizoea. Niliacha kubakiza chakula. Batri sikuacha.

Eda ilipoisha wanawake walikuja, wakaniogesha, wakanibadilisha nguo. Nilichukua kitenge kwenye msumari, kimekauka, nikakifunga kwenye gido, nje, juani, mahali ambapo hakiwezi kuficha maji. Kisha nikakaa kwenye kile kiti cha teksi ambacho sikuwahi kukikalia. Shimo lake lilikuwepo, amelichimba kwa miaka, na lilinimeza. Twahiru alitembea mbele kunionyesha njia.

Makaburini majani yalikuwa yameshaota. Twahiru akaonyesha kwa mkono, akasogea pembeni. Ilikuwa udongo tu, umeshashuka, na jiwe kichwani. Nilisoma Fatiha. Nikamwambia waliokifua kigari chake walikifua vizuri mno, na kwamba batri iko salama, na kwamba kitenge nimekiona. Nilikaa nikisikiliza. Sikusikia kitu, ila bati la mtu fulani mbali linapigwa nyundo. Nilijua sasa ameelekea wapi na nani yuko pembeni yake.

Tulirudi polepole, jua likiwa usoni. Karibu na msikiti adhana ikaanza, Twahiru akaniacha aingie kuswali. Kipande kilichobaki nilikwenda peke yangu. Garaji ya Moubarak ilikuwa imeshafungwa. Consolée alikuwa kwenye makaa yake, akaniinulia upepeo.

Lango letu lilikuwa limefungwa na komeo kwa ndani. Nilisimamisha kigari mbele yake, pale pale ambapo simenti ina alama za tairi. Kushuka nigonge, magoti hayakutaka. Nilikaa kidogo. Halafu kidole gumba kikaenda chenyewe. Mara mbili, fupi fupi.

Ndani sufuria ilianguka.

Kisha kimya, kirefu. Consolée hakupepea tena. Mi nilingoja pale nje, kama alivyokuwa anangoja yeye, na kwa mara ya kwanza nikajua kungoja kwenyewe kulivyo: bati mbele ya uso, harufu ya vitunguu vya nyumba yako, na wewe huna namna ya kuingia mpaka mtu akukumbuke.

Halafu nikasikia kandambili. Zilikuwa zinakuja kutoka jikoni, zinaburutwa, moja nzito na moja nyepesi, zinasimama kidogo, zinakuja tena. Mwendo ule naujua. Ni wangu. Nywele zilinisimama, maana mi nilikuwa hapa nje, na mimi nilikuwa ndani nakuja kufungua.

Komeo likatoka. Ubavu mmoja wa lango ukafunguka.

Alikuwa Assia, amevaa kandambili zangu, unga mikononi, midomo imekauka. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kwenye kale kakiti kadogo kanakotazama kinyume, akakaa akitazama hapo.

"Nyanya," alisema polepole, "uko peke yako?"

Jua lilikuwa limeshazama. Mgongo wangu ulikuwa na joto, kama wa mtu aliyeegemewa.

"Fungua vizuri," nilimwambia, "tupite."